Aliyezima jukwaa lake mwenyewe

Ukiuliza ni mtu gani wa programu za kompyuta aliyegeuka kuwa mtetezi wa usalama wa binadamu, wengi watakutajia Jaan Tallinn wa Estonia. Huyu alikuwa mmoja wa waliotengeneza Skype, kisha mwaka 2012 akashirikiana na mwanafalsafa Huw Price na mtaalamu wa anga Martin Rees kuanzisha kituo huko Cambridge cha kuchunguza hatari zinazoweza kuwamaliza binadamu, akili bandia ikiwemo. Sawa. Ila mimi leo nakuletea wa jirani: Mkenya David Kobia. Hatari yake haikuwa ya kesho, ilikuwa ndani ya mtambo wake.

Kobia aliishi Alabama, Marekani, akiendesha Mashada, jukwaa la mtandaoni ambako Wakenya walipiga soga na kubishana. Tarehe 27 Desemba 2007 Kenya ikapiga kura. Tarehe 30 matokeo yakatangazwa, serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, na nchi ikaanza kuwaka. Tume ya Jaji Waki baadaye ilihesabu vifo 1,133.

Sasa hebu jiweke kwenye nafasi yake. Jukwaa umelijenga wewe, na watu wanaingia kwa wingi, lakini wanaingia kutukanana kwa makabila. Unafuta, wanaandika tena. Hakuna mwenye duka anayefurahia kulifunga siku lina wateja. Kobia alilifunga, Januari hiyohiyo ya 2008, bila kusubiri amri ya mtu, kisha akafungua tovuti nyingine aliyoiita I Have No Tribe, yaani sina kabila. Kwangu mimi hilo ndilo tendo zito kuliko yote aliyofanya, ingawa si lile lililompa jina.

Lililompa jina ni Ushahidi. Mapema mwezi huo mwanasheria Ory Okolloh aliuliza kwenye blogu yake kama kuna wataalamu watakaotengeneza ramani ya mahali vurugu zinapotokea. Kobia, Erik Hersman, Juliana Rotich na wenzao wakaitikia, na ndani ya siku chache ramani ikawa hewani. Ilivyofanya kazi ni rahisi tu: mwananchi anatuma taarifa, msimamizi anaisoma, anailinganisha na nyingine pale inapowezekana, halafu anaweka alama kwenye ramani.

Sisi wa Munanila tunaelewa haraka kwa nini hilo lilikuwa jambo. Mpaka wa Burundi uko pale tu. Mwaka 1972, 1993, hata 2015, habari ya vurugu ilifika kwetu Buha kwa miguu: mama na mzigo kichwani, watoto nyuma. Ukishamwona yeye, yaliyotokea yameshatokea.

Lakini tusiipambe ramani. Haikuzima moto wa Kenya. Kilichoutuliza ni mapatano ya Kibaki na Odinga ya tarehe 28 Februari, Kofi Annan akisuluhisha. Tena alama kwenye ramani inakuonyesha alipo mtu mwenye simu, chaji na mtandao. Sehemu isiyo na alama inaweza kuwa na amani, au inaweza kuwa ndiyo mbaya kuliko zote. Anayeisoma asipojua hilo atapeleka msaada kwa wenye salio.

Programu yenyewe iliachwa wazi, yeyote aichukue bure. Tetemeko lilipoipiga Haiti tarehe 12 Januari 2010, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, waliitumia kuchora ramani ya maafa, na watu wa Haiti wakatuma meseji kwa namba 4636. Nyingi ziliandikwa kwa Krioli, kwa hiyo Wahaiti walioko ughaibuni walijitolea kuzitafsiri moja moja na kusaidia kutambua mitaa inayotajwa, kwa sababu wao ndio walioijua.