Kati ya "Tulipigana" na "Nilipigana": Madai ya Uongo ya Utumishi wa Kijeshi na Namna ya Kuyapima

1. Suala lenyewe

Makala haya yanachunguza jambo ambalo waandishi wa historia ya eneo letu hulitaja kwa kupita tu, nalo ni madai ya uongo ya utumishi wa kijeshi. Kwa maneno hayo tunakusudia mambo matatu: mtu kudai vita ambavyo hakupigana, mtu kuvaa nishani ambayo hakustahili, na mtu kuvishwa jina la shujaa ambaye si yeye. Huenda msomaji akasema kwamba askari mzee akitia chumvi katika masimulizi yake hamdhuru yeyote. Tunaona sivyo. Mahali ambapo cheo, mshahara, fidia na hata nafasi katika mazungumzo ya amani hutolewa kwa kuuliza "nani alipigana?", jibu la uongo humnyang'anya mwenziwe haki yake.

Mifano yetu inatoka Uganda na Kenya, kwa kuwa huko ndiko ilikopata kuthibitishwa waziwazi. Mwishoni tutarudi Ituri, ambako swali hili limeulizwa kwa uzito mkubwa tangu mwaka 2004.

2. Idi Amin na vita vya Burma

Mfano wa kwanza si wa mbali nasi kama unavyodhaniwa. Mwaka 1891 Kapteni Lugard alifika Kavalli, kusini-magharibi mwa Ziwa Albert, yaani katika nchi ambayo leo ni Ituri. Huko aliwakuta askari wa Kisudani wa Selim Bey, waliobaki baada ya Emin Pasha kuondoka na Stanley mwaka 1889. Aliwachukua mamia yao hadi Uganda, na kutokana nao pamoja na vizazi vyao likakua jeshi la kikoloni la huko. Mwaka 1902 jeshi hilo liliunganishwa na mengine kuunda King's African Rifles, yaani KAR, na kikosi cha Uganda kikawa batalioni ya 4. Neno "afande", ambalo kila askari wa Kiswahili hulitamka, ni ukumbusho wa safari hiyo: asili yake ni "efendi" ya Kituruki, iliyopitia Misri na Sudani.

Katika jeshi hilo ndimo alimoingia Idi Amin, Mkakwa kwa upande wa baba, kabila ambalo makazi yake yamegawanyika kati ya Uganda, Sudani Kusini na wilaya yetu ya Aru. Amin aliandikishwa mwaka 1946, akiwa msaidizi wa mpishi. Mwaka 1949 alipelekwa upande wa Somalia, kisha Kenya wakati wa vita vya Mau Mau. Mwaka 1959 alipata cheo cha efendi, kilichokuwa kikubwa kuliko vyote alivyoweza kupewa Mwafrika katika KAR wakati huo, na mwaka 1961 akawa mmoja wa Waganda wawili wa kwanza kupewa cheo cha ofisa kamili. Kwa hiyo hapana anayeweza kukana kwamba Amin alikuwa askari.

Hata hivyo, baadaye alidai kwamba aliingizwa jeshini kwa nguvu wakati wa Vita Kuu ya Pili, na kwamba alipigana Burma. Dai hili halihitaji ubishi mrefu. Nishani ya Nyota ya Burma ilitolewa kwa waliotumikia huko kati ya tarehe 11 Desemba 1941 na tarehe 2 Septemba 1945. Mtu aliyeandikishwa mwaka 1946 hakuweza kupigana vita vilivyokwisha kabla yake. Tarehe mbili tu zinatosha kuuangusha uongo huo.

Swali lenye manufaa zaidi ni hili: uongo huo ulitoka wapi? Hapa isimu yaweza kumsaidia mwanahistoria. Batalioni ya 4 ya KAR ilikwenda Burma kweli, ikiwa sehemu ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyosonga mbele kupitia bonde la Kabaw mwaka 1944. Kuruta wa mwaka 1946 aliingia kambi zilizojaa watu waliorudi kutoka huko. Katika masimulizi ya kambini, mtu husema "tulipigana Burma", na kiambishi "tu-" humaanisha kikosi chetu, wawe waliokuwapo au waliokuja baadaye, kama mwanafunzi mpya asemavyo "tuliwashinda" akizungumzia mchezo wa shule yake uliochezwa kabla hajafika. Sentensi hiyo si uongo. Huwa uongo pale "tu-" inapogeuka "ni-". Kwa maoni yetu, madai mengi ya namna hii huzaliwa katika badiliko hilo dogo: historia ya kundi hugeuzwa kuwa mali ya mtu mmoja. Mchunguzi anayesikiliza masimulizi ya askari wazee na atazame viambishi vya nafsi kabla ya kutazama kitu kingine chochote.

3. Nishani za kujitunukia

Baada ya kutwaa serikali tarehe 25 Januari 1971, Amin hakuridhika na masimulizi. Mwaka 1975 alijipandisha hadi Field Marshal. Nyuma ya jina lake ziliandikwa herufi VC, DSO na MC. Msomaji aliyezoea jeshi la Kiingereza angedhani kwamba VC ni Victoria Cross, nishani ya ushujaa iliyo juu ya zote, iliyoanzishwa mwaka 1856. Kumbe ilikuwa nishani ya Kiganda iliyoundwa kwa kuiga ile ya Kiingereza, ikaitwa Victorious Cross. Vivyo hivyo CBE, ambayo kwa Waingereza ni daraja la ukamanda katika nishani ya dola lao, yeye aliifasiri kuwa Mshindi wa Dola la Uingereza, baada ya Uingereza kuvunja uhusiano na serikali yake mwaka 1976.

Watu wengi walicheka, na baadhi walifurahi kuona Waingereza wakidhihakiwa. Hata sisi twakiri kwamba dhihaka hiyo ilikuwa na utamu wake katika masikio ya waliotawaliwa. Lakini ufundi wake wapaswa kutambuliwa. Nishani haina thamani kwa shaba yake. Thamani yake hutokana na maandishi yanayoiandama: nani, wapi, siku gani, kwa tendo gani, na nani alishuhudia. Linganisha na Sajenti Nigel Leakey wa KAR, aliyeuawa Colito, Ethiopia, tarehe 19 Mei 1941, baada ya kukipanda kifaru cha adui na kuwaua waliokuwamo. Victoria Cross yake ilitangazwa mwaka 1945 katika gazeti rasmi la serikali, pamoja na maelezo ya tendo lenyewe. Amin alichukua herufi akaacha maelezo. Hilo ndilo jambo la kuuliza mbele ya kifua chochote kilichojaa medali: maelezo yako wapi?

Vita vikubwa alivyoviongoza Field Marshal huyo ni vile vilivyoanza kwa kuivamia Kagera, Tanzania, mwaka 1978. Vilimwangusha yeye mwenyewe, Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979.

Wala tusiwacheke majirani peke yao. Mobutu, aliyekuwa karani na mhasibu katika Force Publique hadi mwaka 1956, alitangazwa Marshali mwaka 1982. Tena katika miaka ya 1970 maziwa yetu mawili yalipewa majina ya watawala hao: Ziwa Albert likaitwa Mobutu Sese Seko, na Ziwa Edward likaitwa Idi Amin Dada. Mvuvi wa Kasenyi alitupa nyavu zake katika nishani ya mtu.

4. Shujaa asiyejijua

Mfano wa tatu waonyesha kwamba si kila uongo hutoka kinywani mwa anayeheshimiwa. Jenerali Stanley Mathenge wa Mau Mau alitoweka katika miaka ya 1950, na ikasemekana kwamba alielekea Ethiopia. Mwaka 2003, mwaka uleule serikali ya Kenya ilipoondoa marufuku ya Mau Mau, mkulima mzee wa Ethiopia aitwaye Lemma Ayanu alisafirishwa hadi Nairobi na kupokewa kwa heshima, kwa imani kwamba yeye ndiye Mathenge. Shaka ilianzia kwenye lugha: mgeni huyo hakuweza kuzungumza Kigikuyu. Uchunguzi wa vinasaba ulithibitisha baadaye kwamba hakuwa Mathenge.

Kwetu sisi wanaisimu, tukio hilo lina funzo. Mtu aweza kusahau maneno mengi ya lugha aliyoiacha ujanani, lakini ni nadra kuipoteza lugha ya mama yote. Hata hivyo lugha peke yake si hukumu. Ni kengele ya kumwambia mchunguzi aendelee kuuliza. Vivyo hivyo huku kwetu, anayejitambulisha kuwa askari wa zamani wa Force Publique, ambamo Kilingala kilikuwa lugha ya amri, lakini hajui amri hata moja ya Kilingala, hana budi kuulizwa maswali zaidi. Asihukumiwe kwa hilo tu.

Uzito wa maswali hayo ulionekana miaka kumi baadaye. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wahanga 5,228 wa mateso ya wakati wa Mau Mau jumla ya pauni milioni 19.9. Penye fidia, kila jina lisilostahili humsogeza nje anayestahili.

5. Wa kweli waliosahauliwa

Kinyume cha shujaa bandia ni askari wa kweli asiyejulikana, na huyu twanaye kwa wingi. Force Publique iliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Mwaka 1941 vikosi vyake vilipita kaskazini-mashariki mwa nchi yetu na Sudani hadi Ethiopia, vikapigana Asosa na Gambela, na tarehe 3 Julai Jenerali Gazzera wa Italia akasalimu amri huko Saio. Aidha, hospitali ya vita ya Kongo ilipelekwa Burma, ikawahudumia majeruhi. Kwa hiyo wapo Wakongo waliofika kweli mahali ambapo Amin alisema alifika.

Mmoja wao alikuwa Koplo Albert Kunyuku. Tarehe 8 Juni 2022, mjini Kinshasa, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvika nishani. Koplo huyo alikuwa na umri wa miaka 100. Aliyesema uongo alijivika nishani zake akiwa bado na nguvu. Huyu ilimbidi aishi karne nzima. Wenzake wengi hawakuishi karne.

6. Ituri na swali la "nani alipigana?"

Tangu Septemba 2004 hadi Juni 2005, mpango wa kunyang'anya silaha ulipokea zaidi ya watu 15,000 katika Ituri. Tarehe 11 Desemba 2004 baadhi ya wakuu wa vikundi walipewa ujenerali katika jeshi la taifa, akiwamo Germain Katanga, ambaye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani mwaka 2014. Hapo cheo hakikuwa ushahidi wa utumishi. Kilikuwa bei ya kunyamazisha bunduki, na vijana wa mitaani waliielewa bei hiyo bila kufasiriwa.

Katika shughuli za namna hii kipimo cha kwanza huwa silaha: mwenye bunduki huhesabiwa mpiganaji. Kipimo hicho kina kasoro mbili. Asiyepigana aweza kuipata bunduki. Na aliyebebeshwa mizigo, aliyepikishwa, au msichana aliyechukuliwa kwa nguvu na kuishi miaka porini na kikundi, hujikuta mikono mitupu mbele ya karani. Ndivyo wasichana wengi wa Kongo walivyokosa msaada uliokuwa wao. Upande wa jeshi la taifa, orodha za mishahara zilijaa majina ya watu wasiokuwapo. Ujumbe wa Ulaya uitwao EUSEC, ulioanza kazi mwaka 2005, ulisaidia kuwahesabu askari upya, kuwapa vitambulisho, na kuitenganisha njia ya mshahara na njia ya amri, ili kamanda asiwalipe watu aliowabuni yeye mwenyewe.

7. Hitimisho

Kutokana na mifano hii tunaweza kutaja vipimo vinne. Cha kwanza ni tarehe: je, aliandikishwa kabla vita havijaisha? Cha pili ni maandishi: daftari la kikosi, gazeti la serikali, na maelezo ya tendo. Cha tatu ni lugha: amri, majina ya mahali, na hasa nafsi anayoitumia msimulizi. Cha nne ni mashahidi waliokuwa pamoja naye, wasiofaidika na dai lake.

Lakini vipimo hivyo vitumike kwa haki. Madaftari yetu mengi yaliungua au kuibiwa, na kukosa karatasi si sawa na kusema uongo. Ukali unaomfaa mtawala aliyejivika VC haumfai mzee wa Mahagi au Irumu ambaye medali yake iliporwa pamoja na nyumba yake. Kwa huyo kazi yetu ni kukaa, kusikiliza, na kuandika jina lake, la kikosi chake na la mkuu wake, mapema kabla hajatutoka. Wanafunzi wetu waianze kazi hiyo katika vijiji vyao wenyewe. Tusipowaandika waliokuwapo, nafasi zao zitajazwa na ambao hawakuwapo.