Makinikia ya Kahama na Majina Tuliyopeana



Wazee wa Usukumani walipashana habari kwa mwano. Sungusungu walipoanza kujikusanya Kahama na Nzega mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera, wakati silaha zilipozagaa na mifugo kuibwa, yowe la mtu mmoja lilivuka kijiji hadi kijiji na wanaume wakaitika na pinde zao. Asiyeitika alitozwa faini. Lakini mpiga yowe alijulikana kwa sauti yake na kwa ukoo wake. Tusiupake mwano asali hata hivyo: mkusanyiko uleule wa majirani uliwaandama pia vikongwe wenye macho mekundu kwa tuhuma za uchawi. Uvumi haukuletwa na simu.

Mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu. Yakazuka madai kwamba baadhi yao walifukiwa hai mashimoni. Serikali na mwenye mgodi wakakanusha. Madai na kanusho havikupatana kamwe, na mgodi ulipofunguliwa mwaka 2001, kutoaminiana kulikuwa kumekwisha kuota mizizi.

Kutoaminiana huko ndiko kulikowashwa Machi 2017, Rais John Magufuli, mzaliwa wa Chato, alipozuia makinikia kusafirishwa nje, yaani ule mchanga wenye dhahabu, shaba na fedha kutoka Bulyanhulu na Buzwagi. Makontena 277 yalikamatwa bandarini Dar es Salaam. Tarehe 24 Mei kamati ya Profesa Mruma ilisoma ripoti yake, na tarehe 12 Juni ikafuata ile ya Profesa Osoro. Julai kampuni ya Acacia ikadaiwa kodi, faini na riba za dola bilioni 190.

Kiasi hicho kilistahili kuulizwa maswali, kama mzazi anavyouliza bei ya daftari. Je, kontena moja hubeba dhahabu kiasi gani? Nani amepima? Badala yake, katika makundi ya simu na mitandao ya kijamii, swali la "ni kiasi gani" liligeuka kuwa swali la "wewe ni nani". Aliyeuliza hesabu aliitwa msaliti na kibaraka wa mabeberu. Aliyeshangilia aliitwa mzalendo, na wenzake wakamwita mbumbumbu. Neno beberu, ambalo vijana wengi walilijua kama dume la mbuzi tu, likarudi kwa nguvu. Ujumbe wa sauti usio na jina ulirushwa kundi hadi kundi, na kila aliyeurusha alijiona si mwenye kusema bali mpitishaji. Hapo ndipo tunapouona umbali kati ya simu na mwano.

Dola na sheria nazo ziliingia. Tulikuwa tayari na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Mwaka 2018 zikaja Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, zilizomtaka hata mwenye blogu ndogo alipie leseni. Kwa maoni yetu, walionyamaza zaidi ni waandikaji waangalifu wenye majina. Wasio na majina waliendelea.

Na dhahabu je? Januari 2020 Serikali na Barrick walitia saini: kampuni ya Twiga ikaundwa, Taifa likapata hisa asilimia 16, na dola milioni 300 zikakubaliwa kumaliza madai. Si haba, na sehemu ya haki ya nchi ilipatikana. Lakini fedha hizo hazifiki hata sehemu moja katika mia sita ya zile bilioni 190, na hatukumsikia yeyote akirudi kwa jirani yake kumvua jina alilomvisha. Buzwagi uliacha kuzalisha mwaka 2021. Majina hayakuacha.

Kabla ya uchaguzi mkuu wa 29 Oktoba 2025, mtandao wa X ulikuwa umefungiwa tangu Mei. Siku ya kura yenyewe intaneti ilikatwa nchini, na damu ikamwagika. Kwa siku kadhaa tulirudi kwenye habari za mdomo, kila mmoja akimtafuta ndugu yake kwa simu ya kawaida, akipata nusu ya habari na kuijazia nusu nyingine kwa hofu. Intaneti iliporejea, picha za waliokufa zilifika kwa mkupuo, na mzalendo na msaliti wakafika nazo.