Wapiga picha za treni na mabasi: walioitwa majasusi ndio waliotuwekea kumbukumbu

Septemba 2025 Waingereza waliadhimisha miaka 200 tangu garimoshi la Stockton na Darlington lilipobeba abiria wake wa kwanza. Sherehe za namna hii huwa za wahandisi. Anatajwa George Stephenson, yanatajwa makaa, zinatajwa maili. Husahaulika yule anayesimama kando ya reli na kamera shingoni, hana tiketi wala safari, anasubiri tu kichwa cha treni kipite. Bila yeye, maonyesho mengi ya sherehe hizo yangekuwa na kuta tupu.

Uraibu huu hauishii kwenye treni. Wapo wanaokesha kwa ajili ya magari ya zimamoto, wapo wa ambulensi, wa winchi za kuvuta magari mabovu, hata wa malori ya taka, na juu yao lipo jeshi kubwa la wapenzi wa mabasi. Marekani alikuwako Arthur Fiedler, kiongozi wa okestra ya Boston Pops kwa karibu nusu karne, mtu wa suti nyeusi na kumbi za kifahari. Mzee huyo aliposikia king'ora aliyafuata magari ya zimamoto mbio, na mwenyewe alimiliki gari moja kuukuu la zimamoto.

Nani alianza, haina haja ya kubishana. Katika miaka ya 1880 padri wa Kianglikana, A. H. Malan, alibeba kamera yake nzito na vioo vyake akaenda kupiga picha treni za Great Western zilizopita kwenye reli pana ya futi 7. Reli hiyo ilikuwa imekwisha kuhukumiwa na kila mtu alijua hivyo. Mei 1892 ilifutwa, njia zikapunguzwa zilingane na nyingine za nchi. Tangu hapo mchezo umekuwa ule ule: tangaza kwamba chombo fulani kinastaafishwa, utaona kamera zinavyojaa.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyoufanya uraibu huu uwe wa umma. Ian Allan, karani kijana wa Southern Railway pale Waterloo, alichoka kujibu barua za watu waliouliza namba na majina ya injini. Akashauri kampuni itoe kijitabu. Wakubwa wakakataa, naye akakichapa mwenyewe mwaka 1942, nakala 2,000, zikaisha upesi. Watoto wakavamia stesheni na madaftari. Mwaka 1944 waliokuwa wakikatiza relini huko Tamworth walizusha rabsha, ndipo Allan akaanzisha klabu iliyowaapisha wanachama wasiingie mahali wasiporuhusiwa. Baadaye kamera zikawa nafuu, daftari likapata mwenzake. Treni ya mwisho ya mvuke ya shirika la reli la Uingereza ilipita tarehe 11 Agosti 1968, huku watu wamejipanga njia nzima.

Hayo yote ni historia ya utulivu. Kisa kinachostahili kusimuliwa kwa kirefu ni cha basi jekundu la London.

Aprili 2009 mzee wa miaka 69 kutoka Vienna, mpiga picha wa televisheni aliyestaafu, alikwenda London matembezi na mwanawe. Mzee huyu hakuvutiwa na kasri la malkia. Alipenda majengo ya kisasa na vyombo vya usafiri, akapiga picha kituo cha mabasi cha Vauxhall, kile chenye paa la chuma lililoinuka kama linataka kuruka. Kisha wakaenda Walthamstow, kaskazini mashariki mwa jiji, mtaa usio na watalii. Hapo akapiga picha basi la ghorofa mbili. Polisi wawili wakamjia. Wakamwambia kupiga picha chochote kinachohusu usafiri ni marufuku kabisa. Wakaandika namba za pasipoti za baba na mtoto na hoteli waliyofikia, kisha wakaamuru picha zifutwe pale pale, za basi na za kituo cha Vauxhall.

Mzee alirudi kwao akaandika barua kwa gazeti la Guardian, akisema hatakanyaga tena London. Barua ikazua moto. London, jiji linalouza basi jekundu kwenye vikombe, fulana na kadi za posta katika kila kibanda, limempokonya mgeni picha ya basi jekundu!

Tuwatendee haki polisi. Tarehe 7 Julai 2005 mabomu yaliua watu 52 katika treni za chini ya ardhi na katika basi moja pale Tavistock Square. Jiji lililopigwa hivyo lina haki ya kuwa na wasiwasi. Lakini kifungu cha 44 cha sheria ya ugaidi ya mwaka 2000 kiliwapa askari ruhusa ya kumsimamisha na kumpekua mtu bila kumshuku kwa lolote, na mkononi mwa askari mvivu kikageuka kuwa fimbo ya kumchapia kila mwenye kamera. Na hata kifungu hicho hakikusema popote kwamba askari anaweza kufuta picha ya mtu. Tafakari kidogo: kama mzee yule alikuwa gaidi, polisi waliteketeza ushahidi; kama hakuwa gaidi, walimharibia mapumziko. Hesabu haikubali upande wowote.

Wapenzi wa mabasi ni watu wapole, hawazoei maandamano. Safari hii wakajikuta upande mmoja na wapiga picha wa magazeti. Tarehe 23 Januari 2010 watu wapatao 2,000 walikusanyika Trafalgar Square na kamera zao wakisema wao ni wapiga picha, si magaidi. Siku 11 kabla, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya huko Strasbourg ilikuwa imeamua kesi ya watu wawili waliopekuliwa mwaka 2003 karibu na maonyesho ya silaha, mmoja wao mwandishi wa habari aliyekuwa na kamera. Majaji walisema upekuzi wa kifungu cha 44 unavunja haki ya faragha. Julai mwaka huo Theresa May, waziri wa mambo ya ndani, akatangaza kwamba watu hawatapekuliwa tena kwa kifungu hicho bila kushukiwa.

Waliopata shida zaidi ni wenzao wa ndege. Novemba 2001 Waingereza 12 na Waholanzi wawili walikamatwa Kalamata, Ugiriki, wakifuatilia ndege kwenye kambi ya jeshi. Wakalala rumande wiki kadhaa, na mwaka uliofuata wanane wakahukumiwa miaka mitatu kwa ujasusi. Rufaa ikawaachia wote. Daftari lililojaa namba za ndege lilikuwa gumu kueleweka mbele ya mwendesha mashtaka. Nani huyo mwenye akili timamu anayesafiri nchi nzima kuandika namba?

Namjua anayefaidika naye. Ni sisi.

Chukua injini za daraja la 59 za Reli ya Afrika Mashariki, zile za aina ya Garratt: bwela katikati, tangi la maji mbele, mafuta nyuma, magurudumu ya kuendesha pande zote mbili, uzito tani 252. Zilijengwa 34 tu kiwandani kwa Beyer, Peacock huko Manchester, zikaanza kazi katikati ya miaka ya 1950 kwenye njia ya Mombasa na Nairobi, na hakukuwa na injini ya mvuke yenye nguvu kuzishinda kwenye reli ya mita moja popote duniani. Zilipakwa rangi ya damu ya mzee, zikapewa majina ya milima yetu. Madereva wa Kisingasinga walizipangusa shaba mpaka mtu angeweza kujinyoa mbele yake.

Mvuke ulipokwisha kwao, baadhi ya waraibu wa Ulaya walifunga safari kuja huku na mikanda ya filamu. Mholanzi R. Ramaer alichapisha kitabu juu ya injini za mvuke za Reli ya Afrika Mashariki mwaka 1974. Kevin Patience, ambaye pia ametuandikia juu ya reli ya Bububu ya Zanzibar, akatoa mwaka 1976 kitabu chake cha picha, Steam in East Africa, na mengi ninayoyasema hapa nayategemea kazi za namna hiyo. Aliwahi kweli: mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mali ya reli ikagawanywa, na kufikia mwaka 1980 injini za 59 zilikuwa zimeondolewa.

Zimebaki mbili, zote katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi: namba 5918, Mount Gelai, na namba 5930, Mount Shengena. Milima yote miwili iko Tanzania, Gelai kando ya Ziwa Natron na Shengena Upareni. Sisemi Wakenya wamekosea, wao angalau walitunza. Nasema Mpare anayetaka kuliona garimoshi lenye jina la mlima wake lazima avuke mpaka.

Kwa mabasi hali ni mbaya zaidi. UDA, shirika la usafiri la Dar es Salaam, ilianzishwa mwaka 1974, ikaleta Ikarus za Hungaria, zikiwemo zile ndefu zenye kiungo katikati, kumbakumba, zilizopinda kona ya Mnazi Mmoja watu wakining'inia mlangoni. Kisha zikaja chai maharage, malori madogo ya mabenchi yaliyookoa jiji usafiri ulipokufa. Mtafutie kijana picha ya chai maharage ikiwa imejaa abiria, uone utahangaika siku ngapi. Aliyekuwa na kamera Dar es Salaam wakati ule aliitunzia harusi na ubatizo, na aliyethubutu kuielekeza kwenye basi, daraja au stesheni aliulizwa katumwa na nani.

Siku hizi simu zimerahisisha. Mabasi ya mikoani yalipohamishiwa Mbezi Luis mwaka 2021, vijana waliipiga picha stendi ya zamani ya Ubungo hadi dakika ya mwisho, na treni ya umeme ilipoanza safari za Morogoro mwaka 2024 walikuwa wamejaa kila kivuko. Wanajua bodi ya kila basi kwa taa za nyuma peke yake, watakubishia Yutong na Zhongtong mpaka jua lizame. Mlinzi wa stendi bado huwafukuza. Anaposhindwa kutaja sheria anasema ni amri kutoka juu, na akipewa ya soda, amri hiyo hupungua makali.