Nani Aseme na Mtoto? Elimu ya Jinsia katika Shule za Kikatoliki za Ayalandi

Mwaka 1929 kimya kilipewa nguvu ya sheria katika nchi ya Ayalandi, kwa maana Bunge la Dublin liliharamisha kila kitabu na gazeti lenye kuhimiza njia za kuzuia mimba. Na siku ya mwisho ya mwaka ule ule, tarehe 31 Desemba, Baba Mtakatifu Pius XI akatoa huko Roma waraka wake juu ya malezi, Divini Illius Magistri, akiwakemea waliodhani kwamba kijana aweza kukingwa na matamanio ya mwili kwa kuelezwa mapema, tena hadharani mbele ya wenziwe wote, siri za maumbile.

Hata hivyo waraka ule haukufunga kila mlango, kwani palipo haja ulimruhusu mlezi mwenye dhamana aseme na mtoto faraghani, kwa hadhari. Katiba ya mwaka 1937 nayo, katika ibara ya 42, ikaitambua familia kuwa mwalimu wa kwanza wa mtoto. Basi Kanisa likamwelekea mzazi, na dola ikamwelekea mzazi, na mzazi, ambaye yeye mwenyewe hakuambiwa lolote na wazee wake, akadhani shule itaimaliza kazi hiyo. Shuleni palikuwa na katekisimu: mtoto alizisoma kwa ghaibu Amri ya Sita na ya Tisa, akaonywa autunze usafi wa moyo, wala asielezwe ni kitu gani hasa kiuchafuacho. Msomaji wa pwani, aliyezoea kwamba jambo ambalo mama huona haya kumwambia bintiye huachiwa somo au kungwi, atastaajabu.

Tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu, ulisema wazi kuwa watoto, kadiri umri wao unavyoendelea, wapewe elimu ya jinsia iliyo njema na yenye busara. Kwa rai yangu, tangu siku hiyo lawama haikuwa tena ya Roma. Lakini shule za Ayalandi zilikaa karibu miaka 30 zaidi pasipo mpango wowote wa taifa.

Kilichovunja kimya kilikuwa msiba. Mwezi Januari 1984, katika mji mdogo wa Granard, msichana wa miaka 15 alijifungua peke yake kwenye pango la Bikira Maria, akafariki yeye na mwanawe siku ile ile. Gay Byrne, mtangazaji mashuhuri wa redio, alipokea barua tele za wanawake waliosimulia mimba zao za siri za miaka mingi iliyopita, akazisoma hewani.

Mwaka 1991 ukaja mpango uitwao Stay Safe, wa kumkinga mtoto na wadhalimu, uliomfunza mambo matatu: kataa, ondoka, kamwambie mtu. Baadhi ya Wakatoliki waliupinga, wakisema utamtia mtoto shaka juu ya wakubwa wake. Mwezi Novemba 1994 serikali ya Waziri Mkuu Albert Reynolds ilianguka kwa fitina iliyozuka juu ya kucheleweshwa kumkabidhi kwa vyombo vya sheria Brendan Smyth, padri aliyenajisi watoto. Na baada ya hapo hoja ile haikuweza kusimama.

Waziri wa Elimu Niamh Bhreathnach akaanzisha elimu ya mahusiano na jinsia mwaka 1995, na mtaala wa 1999 ukataka mtoto wa darasa la kwanza na la pili ataje viungo vya mwili kwa majina yake halisi, na wa darasa la tano na la sita aelewe tendo la ndoa, mimba na uzazi. Kila shule hujiandikia sera kwa kufuata imani yake. Kabla ya masomo hayo barua hupelekwa nyumbani, na mzazi mwenye pingamizi humtoa mwanawe.

Mwaka 2021 maaskofu walitoa programu yao wenyewe, Flourish, wakashikilia kwamba mafundisho ya Kanisa juu ya ndoa ya mume na mke hayawezi kuachwa, ilhali nchi ilikwisha kuhalalisha ndoa za jinsia moja kwa asilimia 62 ya kura tarehe 22 Mei 2015. Karibu shule 9 katika kila 10 za msingi zingali chini ya Kanisa, na mahali pengi hakuna shule nyingine ya karibu. Hivyo ile ibara ya 42, iliyokuwa ngao ya maaskofu, sasa imo midomoni mwa wazazi wanaowalalamikia.