Vijana wa Antalya na Fungu Lao

Kwa Kiarabu kijana huitwa fata, na wakiwa wengi ni fityan. Neno hili limo katika Qur'ani Tukufu. Nabii Ibrahim (A.S.) alipovunja masanamu, watu wake walisema wamemsikia kijana mmoja akiyataja, na Watu wa Pangoni nao wameitwa vijana waliomwamini Mola wao. Katika neno hilo likatoka jina la futuwwa, yaani uungwana wa kijana: kuwa mkarimu, kuwa shujaa, na kumtanguliza mwenzio. Khalifa An-Nasir wa Baghdad, aliyetawala tangu 1180 mpaka 1225, aliingia mwenyewe katika futuwwa, akaipanga chini ya mkono wake.

Lakini waliofanya kazi ya kuonekana kwa macho ni vijana wa nchi ambayo leo ni Uturuki. Habari zao katuachia Ibn Battuta, mtu wa Tangier, aliyezaliwa 1304 na kutoka kwao 1325, naye kijana wa miaka 21. Sisi wa pwani tunamjua, kwani mwaka 1331 alifika Mogadishu, Mombasa na Kilwa. (Huko Mogadishu aliwaona vijana wakikiendea chombo kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akimpa mfanyabiashara na kusema huyu ni mgeni wangu. Lakini hawa walikuwa wakitafuta biashara, wala hatuwalaumu.)

Alipofika mji wa Antalya, alimjia mtu mmoja amevaa nguo chakavu na kofia ya sufi, akamkaribisha chakula yeye na wenzake. Ibn Battuta alistaajabu. Alimwambia mkalimani kuwa huyu ni maskini, hawezi kutulisha, wala hatutaki kumtesa. Mkalimani akacheka. Kumbe yule mshona viatu alikuwa mkubwa wa vijana wapata mia mbili, wa kazi mbalimbali, waliomchagua wenyewe. Walikuwa wamejenga zawiya ya wageni, imetandikwa mazulia mazuri na kuning'inizwa taa za vioo vya Iraki. Mchana kila mtu yuko kazini kwake. Baada ya Alasiri huleta alichochuma kwa mkubwa wao, kikanunuliwa chakula na matunda na mahitaji ya zawiya. Akitokea mgeni, hula naye. Asipotokea, hula wao, na asubuhi hurudi kazini.

Wala tusiwafanye malaika. Walikuwa na visu viunoni, na walisifiwa kwa kuwazuia madhalimu na hata kuwaua. Katika mji wa Ladhiq, unaoitwa leo Denizli, makundi mawili yalishika hatamu za farasi wa Ibn Battuta na wenzake, wengine wakachomoa visu. Wageni walidhani wamevamiwa na wanyang'anyi. Kumbe wanagombania nani awakaribishe! Mambo yakamalizwa kwa kura.

Ninachotaka msomaji akitazame ni hilo fungu. Halikutoka kwa sultani. Lilitoka katika jasho la siku ile ile, na kila mtoaji alimjua anayelishika.

Je, basi kupewa ni vibaya? La. Imepokewa na Abu Daud kwa Anas bin Malik kuwa Ansari mmoja alimjia Mtume (S.A.W.) kuomba. Mtume alimwambia alete vitu vya nyumbani kwake: kitambaa na bakuli tu. Akavinadi, vikauzwa dirhamu mbili: moja ya chakula cha watu wake, moja ya shoka. Mtume akalitia shoka mpini kwa mkono wake, akamtuma kukata kuni, asimwone siku 15. Aliporudi alikuwa na dirhamu kumi. Mtaji ulikuwa mdogo sana, lakini aliyeutoa alitia na mpini.

Hapa kwetu Tanzania sheria ilirekebishwa 2018, halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kati ya hizo za vijana. Ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa 2024. Ni jambo jema, lakini pesa na mpini ni vitu viwili.

Nasema hivi kwa kuwa nami nina kosa langu. Miaka iliyopita vijana wa mtaani kwetu, wengi nimewasomesha mimi, walipata ruzuku ndogo ya ofisi moja ya misaada, wazibue mitaro. Niliombwa kutia sahihi kama mzee wao, nikatia bila kusoma. Fungu la pili lilikuja masika imekwisha. Mweka hazina, kijana wa miaka 19, alikuwa ameshalipa gari la punda kutoka mfukoni mwake, akajirudishia. Mwenye punda hana stakabadhi. Ikasemwa kijana ni mwizi. Mimi nililiona lile gari likipita mbele ya msikiti siku tatu, nikanyamaza, nikiogopea sahihi yangu. Akahama mji.

Nilikwenda kwa mama yake baadaye nikamweleza. Akaniuliza, "Sheikh, mbona hukusema siku ile?" Sikuwa na jawabu.

Sasa vijana waliobaki huleta kila Alhamisi baada ya Alasiri walichojaliwa. Daftari hukaa wazi barazani, na asiyejua kuandika hutia dole gumba. Ukurasa wa kwanza nimeandika mimi: gari la punda, siku tatu, na jina la aliyelilipa.