Mawe ya Ukumbusho



Wana wa Israeli walipovuka Yordani, Yoshua aliwaamuru watwae mawe 12 kutoka mtoni, ili watoto wao watakapouliza habari zake waelezwe. Katika nchi yetu pia yako mawe yanayouliza.

Kando ya barabara iteremkayo Bonde la Ufa, karibu na Mai Mahiu, liko kanisa dogo sana la Wakatoliki. Lilijengwa mwaka 1942 na mateka wa vita Waitaliano, ambao Waingereza waliwaleta Kenya na kuwatia katika kazi ya kutengeneza barabara ile. Walikuwa mbali na jamaa zao, wala hawakujua watarudi lini. Hata hivyo walimjengea Mungu nyumba. Baada ya vita kwisha mwaka 1945 walirudishwa kwao, na kanisa likabaki. Wenzao waliofia huku nao hawakusahauliwa. Kanisa la Nyeri limehifadhi mifupa ya zaidi ya 600, pamoja na kaburi la mkuu wao, Amedeo wa Aosta, aliyekufa Nairobi akiwa mateka, tarehe 3 Machi 1942.

Sisi wa Bura tunayo habari iliyo karibu zaidi. Ukiufuata Mto Tana kwenda Garsen, utapita Hola. Huko, tarehe 3 Machi 1959, watu 85 waliofungwa kizuizini walitolewa wakachimbe mifereji. Walipokataa kazi ya kulazimishwa walipigwa marungu, na 11 wakafa kwa mapigo hayo. Serikali ya kikoloni ilitangaza kwanza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Hata jina la mahali likabadilishwa, pakaitwa Galole. Lakini kweli ilitoka nje, ikafika hadi Bunge la Uingereza, na waliosalia kizuizini wakaanza kurudi makwao.

Wapendwa, waliojenga Mai Mahiu waliweka mawe yao wenyewe kwa mikono yao. Wale 11 wa Hola hawakupewa nafasi hiyo. Basi ukumbusho wao ni juu yetu sisi tunaokula mazao ya mashamba yanayonyweshwa na mto ule ule. Mtoto akiuliza habari za Hola, tusimwambie kwamba ni mambo ya zamani. Tumweleze yote, bila chuki na bila kuficha. Kwa maana Mungu hakuwasahau walio katika vifungo, na kanisa likiwasahau, litakuwa ukumbusho wa nini?

Bwana awe nanyi nyote.