Hapa ni Wapi?

Mwenzangu alipoanguka tulikuwa nyuma ya Ganze, bara kidogo kutoka Kilifi, kwenye kijia cha mchanga mwekundu tulichokiona kwenye simu asubuhi ile tukakipenda kwa sababu kilikatiza kona kubwa ya barabara. Gurudumu la mbele lilizama mchangani, baiskeli ikasimama, yeye akaendelea. Alitua kwa bega. Sijasomea udaktari, lakini niliona mtulinga umevunjika, maana ulikuwa umeinua ngozi kama kijiti ndani ya mfuko.

Simu yake ilikuwa imezimika kitambo, kwa jua na kwa kazi ya kutuonyesha ramani tangu alfajiri. Yangu ilibaki na asilimia nne. Niliyempigia atutumie gari alikuwa na swali moja tu: "Hapo mlipo ni wapi?" Nikamwambia tumepita kisima, na mbele yetu kuna mbuyu mkubwa. "Mbuyu upi?" Sikupata kumjibu, simu ilizima.

Aliyetuokoa ni kijana wa bodaboda aliyekuwa amepakia magunia mawili ya makaa. Aliyashusha chini ya mbuyu, bibi mmoja akatoka nyumba ya jirani na leso, mkono ukafungwa kifuani, mgonjwa akapakiwa. Kijana yule hakutuuliza pale ni wapi. Alituuliza tumepita kwa nani. Sikuwa na jibu la swali hilo pia.

Mwenzangu alipona baada ya miezi miwili. Mimi nilibaki na lile swali la simuni, na kwa kuwa ni mtu wa kutafuta dawa dukani, niliamua kununua kifaa cha GPS cha kufunga kwenye usukani.

Kwa yeyote anayefikiria kufanya hivyo, nitasema niliyojifunza kwa pesa zangu. Usianze na ukubwa wa kioo wala idadi ya rangi. Anza na betri, na uulize inakaa saa ngapi kifaa kikiwa kinakuongoza njia, maana saa zilizoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni za kifaa kilichopumzika. Kisha vitufe. Kioo cha kugusa ni kizuri mpaka vidole viwe na jasho na mvua ya mwezi wa tano iwe inapiga. Hapo kila tone huwa kidole. Hakikisha ramani inakaa ndani ya kifaa chenyewe, bila kutegemea intaneti, na kwamba kioo kinasomeka jua la saa sita likiwa utosini. Barometa ya kupimia mwinuko ni ya lazima kwa wanaopanda Taita. Kwa sisi wa pwani ni anasa. Nilinunua cha mtumba Mombasa, kina mkwaruzo pembeni, nikakijaribu kwa njia bora ninayoijua: nilipanda nacho barabara ninayoijua kwa miguu, kona kwa kona, halafu nikatazama mstari kilioandika. Mstari ulipita juu ya barabara yenyewe isipokuwa kati ya majengo marefu, ambako ulionyesha kwamba nilipanda juu ya paa la duka la vitambaa.

Ni mstari ule wa juu ya paa ulionifanya nianze kusoma. Nilitaka kujua kifaa kinajuaje kabla ya kujua kwa nini kinakosea.

Tarehe 4 Oktoba 1957 Umoja wa Kisovieti ulirusha Sputnik. Siku chache baadaye William Guier na George Weiffenbach, vijana wa maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Marekani, walikuwa wakisikiliza mlio wake redioni. Walisikia jambo ambalo kila aliyesimama kando ya barabara anapopita matatu amelisikia: honi inakujia ikiwa nyembamba, ikikupita inakuwa nene. Kwa kupima mabadiliko hayo ya mlio waliweza kukokotoa Sputnik iko wapi angani. Mwaka uliofuata mkuu wao, Frank McClure, akaligeuza swali. Ikiwa wewe uliyekaa mahali unapopajua unaweza kujua setilaiti ilipo, je, setilaiti inayojulikana ilipo haiwezi kukuambia wewe uko wapi? Aliyehitaji jibu alikuwa jeshi la majini, lililokuwa na nyambizi zenye makombora ya nyuklia na lililotaka kila nyambizi ijue ilipo kabla ya kufyatua. Mfumo uliotokana na swali hilo uliitwa Transit, ukaanza kazi 1964. Ulifaa meli zenye subira, kwa kuwa ulilazimika kungoja setilaiti ipite.

GPS ilikuja kumaliza subira hiyo. Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa Februari 1978, na mfumo mzima ukatangazwa kukamilika 1995. Ukiuvua maneno makubwa, ni saa tu. Kila setilaiti, kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, inatangaza bila kukoma: mimi niko hapa, na sasa ni saa hii. Kifaa changu kinapima tangazo limechelewa kiasi gani, kinapata umbali, na kikisikia setilaiti nne kinajua kilipo. Kati ya majengo marefu tangazo linadunda ukutani kabla ya kufika, linachelewa kidogo zaidi, na mimi napandishwa paani. Kuchelewa kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kosa la mita 300. Hata Einstein yumo kwenye hesabu. Saa zilizo juu kule hukimbia kuliko zetu kwa sehemu 38 za milioni za sekunde kila siku, na zisingerekebishwa, kosa lingeongezeka kwa zaidi ya kilomita 10 kwa siku. Na kwa kuwa dunia si duara kamili, ilibidi umbo lake lihesabiwe upya kwa kompyuta. Miongoni mwa waliofanya hesabu hizo ni Gladys West, mwanahisabati Mweusi kutoka Virginia, ambaye jina lake lilikaa miaka mingi bila kutajwa.

Raia waliingiaje katika chombo cha nyambizi na makombora? Kwa msiba. Tarehe 1 Septemba 1983 ndege ya abiria ya Korea Kusini, safari namba 007, ilipotea njia ikitoka Anchorage kwenda Seoul, ikaingia anga la Kisovieti na kutunguliwa. Watu wote 269 waliokuwemo walikufa. Rubani hakujua kwamba hayupo pale alipodhani yupo. Baada ya hapo Rais Reagan alitangaza kwamba GPS ikikamilika, ndege za raia zitaruhusiwa kuitumia bure. Hata hivyo tulichopewa kilikuwa makombo. Jeshi liliharibu kwa makusudi mawimbi ya raia, ukawa unaweza kuonyeshwa mita 100 mbali na ulipo, umbali wa kutosha kumweka mpanda baiskeli kwenye barabara isiyo yake. Uharibifu huo ulizimwa usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000, kwa amri ya Rais Clinton. Kabla ya usiku ule, kifaa cha baiskeli cha kukuambia "pinda kushoto sasa" kisingekuwa na maana. Miaka michache baadaye vikajaa madukani.

Ramani zenyewe ni habari nyingine, na hapa nakiri najivuna kidogo kwa niaba ya wenzangu. Wapanda baiskeli walikuwa wakisahihisha ramani zamani kabla ya setilaiti. Mwishoni mwa karne ya 19 wanachama wa chama cha watalii wa baiskeli cha Uingereza waliwatumia wachapaji wa Bartholomew masahihisho ya barabara walizopita, na ramani zikauzwa na nembo ya chama. Steve Coast alipoanzisha OpenStreetMap mwaka 2004, baadhi ya mistari ya mwanzo ilichorwa kwa vifaa vya GPS vilivyobebwa kwa baiskeli. Mwaka 2009 vijana wa Kibera walitembea vichochoro vyao na vifaa vya namna hiyo mkononi, kwa sababu kwenye ramani za wazi mtaa wao ulikuwa tupu. Mwaka 2015 wanafunzi wa vyuo vya Dar es Salaam walifanya kazi ya aina hiyo katika mradi wa Ramani Huria, mafuriko yakiwa ndiyo sababu. Ramani iliyo ndani ya kifaa changu ni ya OpenStreetMap. Kijia kilichotuangusha Ganze kimo, na mtu aliyekichora hakusema kwamba kina mchanga.

Hapo ndipo nilipodhani nimemaliza kusoma. Kisha nikauliza swali ambalo sikulihitaji kwa safari yoyote: nani anazirekebisha saa zile? Setilaiti haziwezi kujisahihisha zenyewe. Kuna vituo ardhini vinavyozisikiliza, vinavyopima zimekosea kiasi gani, na marekebisho yanarushwa juu. Vya mwanzo vilikuwa vitano: Colorado Springs, Hawaii, Ascension, Kwajalein, na Diego Garcia.

Diego Garcia iko bahari hii hii. Ukisimama ufukweni Malindi ukatazama mawio, iko mbele yako, upande wa kulia kidogo, zaidi ya kilomita 3,500. Ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Chagos, na kilikuwa na wenyewe: watu wanaozungumza Kikrioli, wengi wao wajukuu wa watumwa waliotolewa Madagaska na Msumbiji kwenda kulima minazi. Mwaka 1965, Mauritius ikiwa bado koloni, Uingereza ilivitenga visiwa hivyo; mwaka 1966 ikakubaliana na Marekani kuhusu kambi ya kijeshi. Kati ya 1968 na 1973 watu wote waliondolewa, wakashushwa Mauritius na Ushelisheli. Mbwa wao walikusanywa na kuuawa kwa moshi wa magari. Februari 2019 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni kwamba Uingereza inapaswa kukomesha utawala wake huko haraka iwezekanavyo.

Nilisoma hayo usiku, kifaa kikiwa mezani kinachajiwa. Watu waliojua kisiwa kile pembe kwa pembe, waliokuwa na jibu la "tumepita kwa nani" kwa kila hatua yake, waliondolewa, na hapo hapo ukasimikwa mtambo wa kunisaidia mimi nijue niko nyuma ya mbuyu upi. Najua mtambo huo haukuwekwa kwa ajili yangu, na hata kwa GPS wenyewe hawakufukuzwa. Walifukuzwa kwa ajili ya kambi, na GPS ikaja baadaye kama mpangaji. Lakini mpangaji ni mpangaji, na mimi ni mgeni wake.

Niliingia kwenye mipangilio. Vifaa vya siku hizi husikiliza pia GLONASS ya Urusi, BeiDou ya China na Galileo ya Ulaya, ambayo iko chini ya mamlaka ya raia na ilianza kuhudumia watu Desemba 2016. Nilitaka kuzima GPS nibakize Galileo peke yake. Changu hakiruhusu. Kinakuruhusu kuongeza mifumo mingine, kuitoa GPS hakikuruhusu. Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa, nikafikiria kukirudisha sokoni. Sikukirudisha. Nilikumbuka asilimia nne za chaji, na uso wa mwenzangu ulivyokuwa na rangi ya majivu.

Safari ya kwanza ndefu niliyofanya nacho ilikuwa kutoka Malindi kwenda Ngomeni, kama kilomita 30 kaskazini. Niliichagua makusudi. Baharini pale kuna majukwaa ya chuma ya mradi wa San Marco wa Waitalia, uliorusha setilaiti tangu 1967, na ambako tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha miaka saba ya uhuru wa Kenya, Marekani ilirusha setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei angani wakaiita Uhuru. Watu wa pwani tunapenda kusema Vasco da Gama alichukua rubani Malindi mwaka 1498 ili avuke kwenda Calicut. Tunasahau kuongeza kwamba roketi nazo ziliondokea hapo karibu.

Baada ya Gongoni kifaa kikaniambia nipinde kulia. Nikapinda. Njia ilikuwa tuta kati ya mabwawa ya chumvi, nyeupe pande zote, upepo ukinisukuma kuelekea majini. Mwishoni kulikuwa na geti, na mlinzi aliyeketi kwenye kivuli cha gunia.

"Hiki kimekuleta?" akauliza akikiangalia usukanini. Nikamwambia ndiyo. "Rudi mpaka dukani kwenye turubai la buluu, uliza njia ya Ngomeni. Wote wakifuata hicho huja hapa."

Nilirudi, nikauliza. Niliyaona majukwaa kutoka ufukweni, madogo, yakiwa yamesimama majini kwa miguu yao. Jioni nikaweka alama kwenye OpenStreetMap kwamba lile tuta si njia ya umma na mbele kuna geti.

Wiki iliyofuata nilikwenda Ganze peke yangu. Bibi wa leso hakunikumbuka mpaka nilipotaja bega. Leso mpya nilizompelekea alizikunjua zote mbili kusoma maandishi kabla ya kusema ahsante. Nilikiandika kile kijia upya, safari hii nikitaja kwamba ni mchanga mzito na haifai kukipita kwa mwendo. Nikasimama chini ya mbuyu, nikangoja kifaa kitulie, nikaihifadhi nukta. Kwenye nafasi ya jina nikakwama. Nikampigia yule kijana wa bodaboda, ambaye sasa nina namba yake, nikamuuliza pale panaitwaje.

"Mbuyuni," akasema.

Nikamwambia Mbuyuni ziko nyingi, mtu akipiga simu ataulizwa ipi.

"Basi mwambie anipigie mimi."

Nikaandika Mbuyuni.